Nilimdai mzee wa Mishamo cheti ambacho chuo hakikukitaka

Wakuu salaam, na nyie mnaosoma kimya kimya kama mimi, salaam pia.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta zaidi ya mara moja. Hakuna chai humu, ni kisa cha kweli, nimebadilisha majina tu.

Nina digrii, ajira sina, kwa hiyo nakaa kwenye stationery ya mjomba hapa Mpanda mjini. Matokeo ya form six yakitoka, kazi kubwa ni kuwaombea vijana vyuo. Wanakuja kutoka Sitalike, Kabungu, Mishamo, popote ambako mtandao unasumbua.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma. Wakati naomba chuo mwenyewe, jina langu la kati lilitofautiana herufi moja kwenye vyeti viwili, nikazungushwa mpaka nikakonda. Nikajiapiza kwamba mtoto nitakayemwombea mimi hatakwama kwa sababu ya karatasi. Ndiyo maana nadai hata vyeti visivyotakiwa. Mjomba hunitania kuwa iko siku nitamdai mtu cheti cha ubatizo cha bibi yake.

Basi msimu huu akaja binti, nimwite Evodia, na baba yake, Mzee Nestori. Wametoka Mishamo kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, mzee kavaa koti lake la kanisani.

Evodia alitaka uuguzi. Ufaulu wake ulikuwa mzuri na vyeti vyake vyote viko sawa. Nikamuuliza kama ana uhakika na kozi. Nikamuuliza tena. Mara ya tatu akacheka: "Kaka, au unataka niende nikasomee sheria?"

Mzee naye akacheka. Nakumbuka hicho kicheko.

Maombi yakakamilika. Ilibaki kubonyeza kutuma.

Hapo kichwa changu kikaanza. Kwa msiojua, Mishamo ilikuwa makazi ya wakimbizi kutoka Burundi. Wengi walishapewa uraia, watoto wamezaliwa hapa. Nikawaza, je, mbele ya safari wakimuuliza habari za wazazi? Nikamwambia mzee itakuwa vizuri akileta na cheti chake cha uraia, tukiambatanishe.

Mzee akauliza, "Chuo ndio wamekiomba?"

"Hapana, mzee. Ila huwezi jua."

Wakuu, hilo "huwezi jua" natamani ningelimeza.

Akavaa kofia yake. Akasema kwa upole kwamba cheti kiko nyumbani, watakifuata. Evodia hakuniangalia wakati wanatoka.

Hawakurudi. Nikipiga simu, haipatikani. Nikaandika meseji ndefu, nikafuta. Nikaandika fupi, nikaona ni kali, nikafuta. Nikifungua portal naona maombi yake yamekaa pale pale. Kutuma bila idhini yao nikaogopa.

Dirisha la maombi likiwa karibu kufungwa, Evodia akapiga. Alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao, nasikia upepo.

Akasema baba ameamua mambo ya chuo yasubiri. Anaogopa kwamba kama mimi niliyekaa naye nikacheka naye nimeanza kumchunguza, huko mbali binti atachunguzwa na kila mtu, na atakuwa peke yake.

Nikamwambia cheti hakihitajiki, amwambie hivyo.

"Nilimwambia, kaka. Akaniuliza, kama hakihitajiki, kwa nini alikitaka?"

Mimi ambaye huwa nina jibu la mambo ambayo hayajatokea, nikaomba anielekeze kwao.

Kesho yake nikabeba laptop, nikapanda pikipiki hadi kwao. Njiani nilikuwa napanga namna ya kuomba msamaha.

Walinipokea vizuri. Nikaletewa kiti na maji ya kunawa, maharage yakawekwa mezani. Kabla sijamaliza shikamoo, mzee akaingia ndani. Akatoka na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi, akatoa cheti, akakiweka mbele yangu, akakigeuza kinielekee.

Nikamwambia sikuja kwa ajili ya hicho, nimekuja kuomba radhi.

"Soma tu, mwanangu. Umetoka mbali."

Nilikisoma. Ningefanyaje? Yeye alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama mtu aliyezoea kusubiri wengine wamalize kusoma.

Radhi akanipa. Ruhusa hakutoa. Alisema mwakani wataangalia, Mungu akipenda. Nikamgeukia Evodia, maana ni mtu mzima na uamuzi ni wake. Akatikisa kichwa, akasema hawezi kuondoka huku baba yake hapati usingizi.

Dirisha lilifungwa. Evodia sasa anapalilia maharage na familia yake.

Juzi nilikuwa namwombea kijana mwingine, nikafika kwenye kipengele cha uraia. Unachagua nchi, basi. Kwa Evodia nilikuwa nimeshaweka Tanzania tangu mwanzo, na portal haikuuliza zaidi. Aliyeuliza ni mimi.

Nilichojifunza: ukimsaidia mtu, muombe kile kinachotakiwa na uishie hapo. Hofu zako baki nazo, kuna watu wamezibeba za kutosha kabla hawajafika kwako.

Karibuni, hata wa kunisema nisemeni. Ila walimu, na nyie mliokulia Mishamo, naomba mnisaidie hili: dirisha lijalo likifunguliwa, nimfuate mzee, au kumfuata tena ni kumdai tena?