Pweza Aliyepondwa Kinuni

Kifungu cha tano nilikiandika mimi. Nasema mapema, lawama nizibebe kabla sijabebeshwa. Kilisema kwamba atakayekamata pweza mwamba ukiwa umefungwa, na atakayemla huyo pweza, wote wawili hawatakanyaga mwambani siku ya kufungua. Hilo la "atakayemla" niliongeza kwa kiherehere changu mwenyewe. Mimi mwalimu bwana, nikishika kalamu sitaki sheria iwe na mwanya.

Kamati ya ufuo pale Ufukoni ilinipa ukatibu kwa sababu ya mwandiko mzuri na, nadhani, ili nipunguze kuwachosha. Nilikuwa na hofu ya bahari kufa. Nikisoma kwenye simu kwamba maji yanapata joto na matumbawe yanageuka meupe, chakula hakishuki. Wenzangu shuleni wakiniona nakuja walijifanya wanasahihisha madaftari. Kwa hiyo wataalamu walipokuja kutuhubiria uchumi wa buluu, wakasema tukiufunga mwamba miezi mitatu pweza watakua na kutaga, nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Mama yangu hakupiga. Yeye amechokoa pweza kwenye mashimo ya mwamba ule tangu sijazaliwa, kwa fimbo nyembamba, maji yakishatoka.

"Buluu ipi?" akauliza, mkutano mzima ukasikia. "Uchumi wangu mimi ni wa kahawia na una mikono minane. Gesi ya Madimba inakwenda Dar es Salaam, sasa na pweza wangu naye mnamtia kufuli!"

Watu wakavunjika mbavu. Mimi nikaandika: mkazi mmoja alitoa maoni.

Hata hivyo alikubali, na siku ya kufungua akaing'ang'ania kuliko sisi wote. Aliihesabu kwa bamvua, yale maji makubwa yanayokuja kila wiki mbili: bado sita, bado tano. Alisuka kikapu kipya. Kila nikienda kwake nakuta anakisifia utadhani mjukuu. "Siku hiyo," anasema, "hao wasichana wa mwambani watajua fundi nani."

Zikiwa zimebaki bamvua mbili, Jumamosi mchana, nikatoka kwangu Rahaleo kwenda kumsalimia. Toka barabarani nikasikia kinu chake: du, du, du. Kisamvu! Leo nimebahatika. Akaniambia ninawe nikae ndani, nisimzonge jikoni. Baadaye ukaja ugali na mchuzi mzito wa nazi. Jamani, nilikula! Sahani ya pili niliomba mwenyewe. Hapo ndipo ulimi ulipogusa kitu kidogo cha duara, kigumu kidogo, chenye shimo katikati.

"Mama. Hii nini?"

"Kula kwanza. Utauliza ukishashiba."

Pweza asipopigwa ni raba tupu. Kwetu hupigizwa juu ya jiwe, na mlio wake mtaa mzima unaujua, ndiyo maana mama alimtia kinuni. Akili kubwa kabisa, ila alisahau kitu kimoja: kisamvu hutwangwa na vitunguu saumu, na harufu yake haina habari na ua. Nyuma ya ua ule anakaa mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye pua ya paka. Kichwa chake kikachomoza juu ya makuti.

"Shikamoo mama. Kisamvu cha leo mbona hakinukii?"

"Marahaba," mama akajibu, kisha akanitazama mimi. Mwenyekiti naye akanitazama. Mdomo wangu umejaa. Ningesema ni ngisi, yangeishia pale, kwa maana ngisi hakuwa amefungiwa. Lakini nilijua nikidanganya mimi katibu, kufika Jumatatu mwamba wote umejaa fimbo. Nikameza kwanza, maana kutema nyama tamu namna ile ni dhambi.

"Ni pweza," nikasema.

Mama alininunia wiki nzima. Mimi nami nilikasirika, tena sana: bamvua mbili tu zilimshinda!

Siku ya kufungua tukakaa mchangani wawili, kikapu kipya katikati yetu, kitupu. Wanawake wenzake wakipita kwenda mwambani wakatutania: "Katibu, leo unaandika nini?" Nilitamani mchanga unimeze. Macho ya mama yalikuwa kule mbele, na vidole vinakunja ncha ya kanga, vinakunjua.

Mara vigelegele. Mwanamke mmoja ameinua pweza mkubwa, mikono yake imemzonga mpaka kwapani. Hajamshusha vizuri, mwingine akapaza sauti, na mwingine.

"Kumbe wapo wengi," mama akasema. Akajifuta uso kwa ile kanga.

Nikamuuliza kama analia.

"Miaka hii mashimo nakuta matupu, mwanangu. Unazungumza mambo ya simu yako, nakucheka, ukiondoka nakaa nawaza. Siku ile nilikwenda kuchungulia tu kama yupo hata mmoja. Akatoa mkono. Na wangu nao ukaenda."

Hasira zikanipanda upya, na machozi pamoja nazo. "Miezi yote unanicheka mbele za watu, kumbe unaogopa kama mimi! Kwa nini hukuniambia?"

Akakivuta kikapu, akakipakata.

"Tungeogopa wote wawili, nani angepika?"