Mnyoo Mmoja, Wakwe Wawili

Kwa Wanyakyusa nilikoolewa, mke hamtazami baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, wala hasemi naye. Mimi ni Mhehe wa Kalenga na kwetu nako wakwe huheshimiana, lakini hapa nilikuta kazi inafanywa kwa ukamilifu. Miaka sita ya ndoa, baba mkwe wangu nilimfahamu kwa kikohozi. Nikikisikia mlangoni, napitia jikoni naondoka.

Mzee huyo aliuza perege sokoni Soweto, Mbeya. Walitoka ziwa moja la msimu huko Usangu, ambalo masika linameza barabara na kiangazi linalishiwa ng'ombe. Alijivunia kitu kimoja tu: samaki wabichi. Kisha mteja mmoja akapasua perege nyumbani kwake, akakuta mnyoo mwekundu amejikunja karibu na moyo. Akarudi sokoni akamwita mzee muuza mizoga, mbele ya watu. Wiki haikuisha, wateja wote wakahamia meza ya jirani, wakanunua samaki wa ziwa lilelile.

Mzee akaacha kwenda sokoni. Mama mkwe aliniambia anashinda kitandani ameugeukia ukuta, hata chai hataki.

Sasa, kazi yangu ni kupasua samaki. Niko maabara ya uvuvi, na minyoo wale nawajua kuliko ninavyomjua baba mkwe. Hawatokani na kuoza. Ndege wanaokula samaki hunya mayai ya mnyoo ziwani, vidudu vya majini huyameza, samaki humeza vidudu. Maji yakipungua, ndege na samaki husongamana, na minyoo huzidi. Samaki akiiva vizuri, mnyoo hamdhuru mtu. Nilimweleza mama mkwe haya yote ayafikishe. Akayafikisha hivi: "Mkamwana wako anasema ni mavi ya ndege."

Mzee akaacha na uji pia.

Ikabidi aone mwenyewe. Mume wangu alimleta maabara pamoja na ndoo ya perege wanaopigapiga mikia. Mzee akakaa nje, mimi ndani. Nikampasua mmoja, nikamweka mnyoo chini ya hadubini, nikatokea mlango wa nyuma. Mzee akaingia. Alichungulia muda mrefu.

"Anacheza," nilimsikia akimwambia mume wangu. "Huyu ni mzima."

"Ndiyo, baba. Na samaki alikuwa mzima."

"Mwambie apasue mwingine."

Akatoka, nikaingia, nikatoka, akaingia. Tulimaliza ndoo nzima hivyo, perege tisa, na kiti cha hadubini hakikupata nafasi ya kupoa.

Jumamosi nilikwenda Soweto kununua viazi, nikasikia kikohozi. Nikachutama nyuma ya magunia. Mwanamke mmoja alikuwa akimuuliza mzee kama samaki wake bado wana minyoo.

"Wanao," alisema, kwa sauti ya kusikika soko zima. "Samaki wangu nimewapeleka maabara wakiwa hai, na minyoo walikuwemo. Hata hao wa jirani wanao, ziwa ni lilelile. Mkamwana wangu amewapasua wangu, mimi nimeona. Mkamwana wangu hakosei."

Miaka sita sikuwahi kumsikia akinitaja. Nilitamani kusimama nimshukuru, na kusimama kungekuwa kumvunjia heshima. Nikabaki nimechutama nyuma ya viazi, nalia, mpaka alipouza samaki wa mwisho.