Dada Aliyebaki Uvira

Riziki hakuwa mtu wa makuu. Tangu aingie Brussels na mtoto mgongoni alikuwa akifanya usafi katika hospitali kubwa ya Jette, na kila Jumapili alikwenda kusali Ixelles, sebuleni kwa kaka yake Karimu, ambako kikundi cha watu wa Uvira, Kongo, kilikutana. Alikaa karibu na mlango, akaimba, akaosha vikombe, akaenda zake. Wote walimwita mama mpole. Upole wake uliisha Jumapili moja, na uliisha kwa haki.

Siku hiyo Karimu alifundisha habari za Wayahudi waliotoka uhamishoni Babeli, ukoo kwa ukoo, wakarudi Yerusalemu kuijenga upya nyumba ya Mungu. Alijua kusimulia, hilo tusimnyime. Alipofika kwa wazee waliolia msingi ulipowekwa, kwa sababu waliikumbuka nyumba ya kwanza, watu walifuta macho. Nani pale hakuwa na nyumba iliyobomoka kwao? Kisha akafika kwa watu ambao Wayahudi hao waliwakuta kwenye nchi, walioomba kujenga nao, wakafukuzwa.

"Na balifanya bien," akasema Karimu, akiwasifu waliowafukuza. "Nyumba ni ya bale benye balirudi."

Hao waliofukuzwa walikuwa wageni walioletwa na wafalme wengine, lakini Karimu aliliruka hilo kwa makusudi. Riziki alijua anakolenga. Juzi tu kaka yake alikuwa amemwonyesha ramani ya nyumba ya wazazi wao, ile aliyotaka warudi kuijenga upya Uvira. Ilikuwa na chumba cha Karimu, cha Riziki, hata cha wajukuu watakaokuja likizo. Dada yao Sidonie hakupewa hata kona. Sidonie, aliyebaki wenzake walipokimbia! Aliyesimama mlangoni na kubishana na wenye bunduki, akawauguza wazazi, akawazika peke yake. "Atatafuta ya kupanga," Karimu alisema, kana kwamba anahamisha kiti.

"Yaya," Riziki akamwita kaka yake mkubwa kutoka mlangoni, "na ule mwenye alibaki kulinda nyumba, mulimuweka wapi?"

"Riziki, tuko mu sala."

"Ndiyo. Mungu naye asikie."

Watu wakainamisha vichwa. Karimu, ili kuyazima, akachukua simu haraka, kwa kuwa kila Jumapili baada ya mafundisho kikundi kizima kiliwapigia wa nyumbani, sauti ikiwa wazi, wote wasalimie, na siku hiyo zamu ilikuwa ya Sidonie. Sidonie akapokea akicheka.

"Yaya Karimu! Nimesikia munarudi kujenga! Bon, nimetoa kitanda yangu mu chumba ya papa yetu, nimepaka chokaa. Mutafikia pale. Mi na batoto tunalala mu jikoni, musihangaike."

"Alors, yaya," Riziki akasema, "mwambie."

Karimu akasafisha koo. Mwalimu mzima, mwenye maneno ya kuwaliza watu wazima, akaisogelea simu na kuuliza kama mvua imenyesha Uvira.

Riziki akaivuka sebule, akampokonya ile simu.

"Sidonie, rudisha kitanda yako mu chumba," akasema. "Mu jikoni atalala yaya Karimu."