Nilisema Baba Hakuacha Neno

Nimekosa, na kosa hili silisukumii mtu mwingine. Nimemwomba mhariri asilitaje jina langu, maana Iringa ni mji mdogo na mafundi redio wa Mlandege tunahesabika kwa vidole. Lakini wewe unayesoma, nisikilize mpaka mwisho, kisha nihukumu utakavyo.

Watu walipoanza kuniletea tepu za kwaya na za harusi, niliona sina budi kuwa na mashine yangu mwenyewe, ya kurekodi sauti na kuzitunza. Kununua mpya sikuweza. Nikaamua kuiunda.

Mota niliitoa kwenye tepu rekoda ya padri mmoja, iliyokuwa imeungua. Valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti, nilizing'oa kwenye redio mbili za zamani, moja nyaya zake zote zilishaliwa na panya. Kipya kilikuwa kichwa cha kurekodi peke yake. Nilikiagiza Dar es Salaam, nikakisubiri kama mtu anayesubiri mchumba. Sanduku nilichongewa Mafinga kwa mbao za paini, likapigwa vanishi mpaka unajiona uso. Tepu zilizunguka juu, spika kubwa ilikaa katikati, na chini yake palikuwa na droo ya kutunzia tepu zilizojaa.

Fundi mzee aliyenifundisha kazi alikuja kuitazama. Aliizunguka, akafungua droo, akaguna.

"Spika hii ina sumaku kubwa," akasema. "Toa tepu zako hapa, weka kwenye kabati kule. Sumaku itakula sauti."

"Sawa, mzee," nikamjibu, na sikuzitoa. Nilitaka kila kitu kikae kwenye sanduku moja, mtu akiingia ashangae. Mtaa mzima ulikuwa umeshaniletea tepu niwatunzie, na niliwaambia kinachoingia humu hakipotei.

Sasa nikueleze habari ya kaka yangu. Ni mkubwa wangu kwa miaka sita, fundi cherehani. Alihamia Mbeya, akapanga Mwanjelwa, na huko akaoa binti wa Kisafwa bila kuleta habari nyumbani. Baba alikasirika kupita kiasi. Alitamka mbele ya ndugu kwamba mtoto wa ndoa ile hatampakata. Baadaye mimba mbili za shemeji ziliharibika, na kaka akaamini ni lile neno la Baba.

Katika ukoo wetu neno kama hilo haliondolewi kwa barua wala kwa mjumbe. Aliyelitamka ndiye anayeliondoa kwa mdomo wake, kisha anachukua funda la maji na kumpulizia mwanawe.

Baba akaugua kifua, nikamchukua akae kwangu. Alipoona siku zinakwisha na kaka hajafika, aliniita asubuhi moja, Mama akiwa sokoni.

"Ile mashine yako," akasema, "inaweza kushika neno langu mpaka kaka yako aje?"

"Inaweza, Baba."

"Basi nishike mkono unipeleke."

Nikamkalisha mbele ya maikrofoni. Alizungumza na kaka kana kwamba amekaa naye uso kwa uso. Alichukua muda mrefu, akipumzika kukohoa. Alimsamehe. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mashine, naangalia tepu inavyozunguka bila kuyumba, najisifu moyoni. Alipomaliza akaomba maji, akachukua funda, akayapuliza kwenye maikrofoni. Nikaruka na kitambaa kuifuta.

"Acha," Baba akasema. "Usifute. Hayo si yako."

Niliandika jina la kaka juu ya tepu ile, nikaitia kwenye droo. Nilimwandikia kaka aje, Baba ana hali mbaya, ila sikumwandikia kwamba amesamehewa. Nilitaka aisikie sauti kwenye mashine yangu, mbele ya ndugu, nione sura zao. Hata Mama sikumwambia. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Mwezi haukuisha, Baba akafariki. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara, kaka akafika siku moja baada ya maziko.

Asubuhi ya siku hiyo niliiweka tepu nijaribu. Ikatoa mvumo. Nikaongeza sauti, bado mvumo. Kwa mbali kabisa nilisikia kitu kama kikohozi, kisha mvumo mpaka mwisho. Nikajaribu tepu ya kwaya iliyokuwa pembeni ya droo, ikaimba vizuri tu. Ya Baba nilikuwa nimeipa mahali pa heshima, katikati, chini ya sumaku kabisa. Nilikaa sakafuni.

Jioni tulikuwa tumekaa msibani, ndugu na majirani. Kaka alikataa kiti, akakaa chini. Baba mdogo akanigeukia.

"Wewe ndo ulikuwa unamuuguza. Marehemu ameacha neno lolote kwa huyu kaka yako?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nikisema ndiyo, swali la pili lingekuwa tuwekee tusikie, maana kila mtu alijua narekodi hata mbuzi akilia. Na pale walikuwepo watu ambao sauti za wazazi wao zilikuwa kwenye droo yangu.

"Hapana," nikasema. "Hakuacha neno."

Kaka aliinamisha kichwa. Mama akaanza kulia upya. Kesho yake kaka alipanda basi la Mbeya, hakuaga mtu.

Nimeishi na jibu hilo miaka mitatu. Kaka hakuja kumaliza msiba, wala hakuja Mama alipougua. Kisha tukasikia shemeji amejifungua mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu mtoto huyo angepewa jina la Baba. Walimpa jina la upande wa mama yake, hawakuthubutu. Mama akaomba aletewe mjukuu amwone, kaka akajibu kwa barua kwamba hawezi kumpeleka mtoto kwenye nyumba iliyomkataa kabla hajazaliwa. Mama hajui kusoma. Mimi ndiye niliyemsomea barua ile, na sauti yangu haikutetemeka. Hapo nilijiogopa.

Mwezi uliopita nikafunga safari kwenda Mwanjelwa. Nilimkuta kaka kwenye cherehani yake.

"Kamwene, kaka," nikamsalimu kwa lugha ya nyumbani. Akaniitikia kwa Kiswahili, kama anavyomwitikia mteja.

Nikamwambia yote, kuanzia spika mpaka uongo wangu msibani. Akaacha kukanyaga cherehani. Nilitamani anipige, hakunipiga.

"Siku ile ulidanganya kwa ajili ya mashine," akasema. "Leo nitajuaje kama hudanganyi ili upate usingizi?"

"Naapa, kaka. Alikusamehe."

"Basi nipe maneno yake. Alianzaje?"

Nikafungua mdomo. Nilikumbuka jinsi tepu ilivyokuwa ikizunguka. Nilikumbuka nilivyokuwa nasikiliza mota kama inakwaruza. Maneno ya Baba sikuwa nayo. Nilikuwa nimeiachia mashine iyasikilize.

"Alinitaja kwa jina?"

"Nadhani alikutaja."

"Usinipe nadhani."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Naye akauliza taratibu, bila kunitazama. "Shemeji, na mimi alinitaja?"

Nikamwambia sijui. Mpaka leo sijui. Katika yote niliyosema siku ile, hilo ndilo waliloliamini. Shemeji alinipikia chai, nikainywa, na kaka yangu wa tumbo moja akanisindikiza mpaka kituo cha basi kama anayesindikiza mgeni.

Majirani nimewarudishia tepu zao zote, nikawaeleza sababu. Wengine wamecheka, wengine hawaniletei tena redio. Mama naye nimemweleza, na sasa barua za kaka anampa jirani amsomee.

Wewe unayetunza vitu vya watu, ukionywa na anayejua, sikia. Mtu akikupa neno lake la mwisho, lisikilize wewe kwanza, kwa masikio yako, ndipo ushughulike na mitambo. Na kitu kikiharibika mikononi mwako, sema siku hiyo hiyo na uaibike siku hiyo hiyo. Mimi ningeaibika jioni moja tu, pale msibani, kisha watu wangeinuka kwenda kula.

Badala yake kuna mtoto Mwanjelwa anayekua akijua kwamba babu yake hakumtaka. Ninayejua kwamba si kweli ni mimi peke yangu, na mimi siaminiki.