Jina la Uwanjani

Kocha wangu alikuwa akiniita kwa jina ambalo si langu, na mimi nilikuwa naitika. Naandika haya mchana kweupe, dukani kwangu Tunduma, malori yanapiga honi nje yakingoja kuvuka, na bado mwili unanisisimka. Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Waulizeni wanaojaribu kuniletea sukari iliyoloa.

Nilikuwa kidato cha pili, binti wa wakulima wa kahawa wa Mbozi, mrefu kuliko wavulana wote wa darasa, na urefu huo ulikuwa unanitia aibu. Nilitembea nimejikunja. Kocha wa mpira wa pete alikuwa mwalimu wetu, mwanamke mkimya ambaye sote tulimwita Madam. Siku moja kwenye mstari wa asubuhi alinijia kwa nyuma, akanisukuma mgongo kwa vidole viwili. "Simama," akasema. "Mungu hakukupa urefu ili uufiche." Jamani, hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Nyumbani walichoniambia ni niangalie kichwa mlangoni. Nikampenda hapohapo, na nasema mapema ili msidhani nasimulia habari za mchawi.

Kila msichana wa timu alikuwa na jina la uwanjani, la kuchekesha, la gari au la tunda. Langu lilikuwa jina la kawaida tu, la ubatizo, kama la msichana yeyote. Wenzangu wakanung'unika kwamba halina utani hata kidogo. Madam hakucheka.

Halafu ikaja habari ya mkono. Mimi ni wa kulia. Madam akasema mfungaji wa kushoto anawachanganya mabeki, kwa hiyo nitajifunza kushoto. Akachana kipande cha khanga, akanifunga mkono wa kulia nyuma ya mgongo, taratibu, asiniumize. Tulifanya mazoezi asubuhi, sisi wawili, ndani ya ule ukungu wa kwetu unaokaa uwanjani hadi jua lipate nguvu. Goli nilikuwa silioni vizuri. Naisikia tu sauti yake: "Gonga kwanza." Nilitakiwa kugonga nguzo kwa kisigino, mara mbili, kabla ya kurusha. Nikamwuliza kwa nini.

"Ndivyo unavyofanya siku zote," akasema.

Sikuwahi kufanya hivyo maishani mwangu. Lakini alisema kwa uhakika mno, nikaona labda mimi ndiye niliyesahau.

Mvua zilipoanza nilikuwa nafunga kwa kushoto bila kufungwa khanga. Kisha nikajikuta nachana nywele kwa kushoto. Kisha nikaandika kwa kushoto, na mwandiko ukalala upande ambao haukuwa wangu. Nilifurahi, eti! Nilidhani ndiyo kipaji.

Tukaenda kucheza Ndalambo, kijijini kwao Madam. Pale ndipo mambo yalipoanza kuninyima raha. Nilipogonga nguzo kwa kisigino, kelele za pembeni zikakatika. Wanawake waliokuwa wanapiga vigelegele wakanyamaza kabisa, na mmoja akajifunika uso kwa kitenge. Nikafunga. Hakuna aliyeshangilia. Baada ya mchezo akaja bibi mmoja, mama yake Madam, akanitia karanga mkononi, akanishika shavu. "Ulichelewa wapi?" akaniuliza. Nikacheka, nikadhani bibi ameonja pombe.

Jioni ile, jua bado lipo, wenzangu walipokuwa wanakula uani kwa bibi yule, mimi niliitwa ndani. Nikakalishwa kwenye mkeka. Nikapewa maji kidogo kwenye kikombe, ninywe. Madam akanikabidhi jezi iliyokunjwa, namba ya mgongoni imepauka, inanukia dawa ya nondo. Wazee wa nyumba ile wakapiga makofi yale ya kikwao, ya polepole, viganja vimebinuliwa. Nikajua nimekuwa nahodha. Nilitoka pale nimesimama wima, kichwa juu.

Likizo ikaja, nikaenda nyumbani. Tulikuwa tunaanika kahawa, baba upande mmoja wa kichanja na mimi upande wa pili. Mama akaniita kutoka jikoni. Akaniita tena. Baba akanitazama. "Wewe, masikio umeyaacha shule? Mama yako anakuita." Nilikuwa nimesikia. Nilisikia mtu anaitwa, ila sikujua kuwa ni mimi.

Nikaenda, nikapokea sahani kwa mkono wa kushoto. Nilijiandaa kupigwa kofi. Mama hakunipiga. Alikaa chini.

"Huko wanakuitaje?"

Nikamwambia. Nikamweleza na habari ya jezi, kwa maringo. Mama amezaliwa mpakani, amekua na Wanamwanga, watu wa kina Madam, na Wabemba wa ng'ambo, anajua mila zao kuliko baba, ambaye ni mzee wa kanisa na mila zote kwake ni kitu kimoja.

"Hiyo jezi," mama akasema, "ulipewa umesimama au umekaa?"

"Nimekaa. Kwenye mkeka."

"Ukanywa maji?"

"Nikanywa."

Akashika kichwa. "Mwanangu, huo si unahodha. Yule mwalimu amefiwa na binti. Wamekukalisha kwenye nafasi ya marehemu. Kwao, wewe ndiye yeye, amerudi." Baba akasema tuombe. Mama akajibu, "Omba wewe. Mimi naenda kumchukua mtoto wangu." Nilikuwa nimekaa mbele yake, na yeye anaenda kunichukua! Nikaanza kulia, maana nilielewa kwamba amesema kweli. Kama angechelewa muhula mmoja zaidi, asingemkuta mtu wa kumchukua.

Tulifika kwa Madam asubuhi, mama amebeba jezi kwenye mfuko. Madam alitukaribisha vizuri mno. Ndani, mlango wa chumba kimoja ulikuwa wazi, kitanda kimetandikwa shuka safi, na chini yake viatu vya michezo vya saizi yangu. Chai ilikuwa imemiminwa. Vikombe viwili tu.

"Mwalimu, pole kwa msiba wako," mama akasema, akaweka jezi mezani. "Sikujua. Lakini huyu ana kwao."

"Mama, shikamoo," Madam akajibu, ingawa hawakupishana sana umri. Hakuiangalia jezi. "Wewe unao watoto wengine."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeomba chumvi.

"Ninao," mama akasema. "Mwite kwa jina lake. Ukimwita kwa jina lake, nitamwacha aendelee kucheza mpira wako."

Madam akanigeukia. Nikaona midomo yake ikijaribu. Ikafunguka, ikafunga. Machozi yakamtoka, na mimi nikamwonea huruma. Mama akaniita, "Twende." Nikageuka kumfuata. Na nyuma yangu Madam akaita, taratibu sana, lile jina lingine.

"Abee," nikaitika. Mwili wote ulikuwa umeshageuka kumwelekea yeye.

Mama aliona. Alinishika mkono wa kulia, akanitoa nje, na njia nzima hadi barabarani aliendelea kuniita jina langu, na kila mara nilitakiwa kuitika. Aliendelea hivyo likizo yote, kichanjani, kisimani, mpaka majirani wakatucheka. Nikahamishwa shule. Mpira niliuacha. Ila mgongo sikuukunja tena, na hilo alinipa Madam. Sijui nilirudishe wapi.

Juzi nilikwenda sokoni kuchukua unga kwa mama mmoja wa Kizambia. Nyuma yangu, katikati ya watu, nikasikia lile jina. Ndoo ikanitoka mkononi. "Abee!" nikaitika, mtu mzima mzima, mwenye watoto.

Alikuwa Madam. Amezeeka, ana mvi. Hakuwa ananiita mimi. Alinipita bila hata kunitazama, akielekea kwa msichana mrefu aliyesimama wima karibu na mizani, kikapu mkono wa kushoto, akipigapiga kisigino kwenye nguzo ya kibanda. Mara mbili. Kilichonichoma kwanza, Mungu anisamehe, ulikuwa wivu. Hofu ilifuata baadaye.

Nikasogea. "Shikamoo Madam." Akaitikia kama anavyoitikiwa mpita njia. Nikamgeukia msichana. "Hujambo mwanangu. Mama yako mzazi anakuitaje?"

Akamtazama Madam kwanza. Kisha akakunja uso, akafikiri. Alifikiri muda mrefu, na kadiri alivyofikiri ndivyo macho yake yalivyozidi kujaa woga.

Nikaiacha ndoo palepale. Nikamshika mkono wa kulia, nikamwambia anionyeshe kwao.