Nukta Tatu za Nyuki

Walimwita Nyuki, na jina hakulichukia. Vanila ni mmea wa ng'ambo. Waliouvusha bahari walimsahau mdudu wake, basi huku ua likifunguka asubuhi linamsubiri binadamu. Lisipoguswa kwa njiti hadi saa sita mchana, linanyauka na halizai kitu. Miaka ishirini na miwili Nyuki aliinama shambani mwake, njiti mkononi, akikutanisha dume na jike la kila ua, akijicheka kuwa yeye ni mshenga asiyealikwa harusini. Baada ya hapo ni miezi tisa, mimba kamili, ndipo ganda linapopata ile harufu wanayoililia waoka keki wa nchi asizozijua.

Mwaka huu macho yalimwangusha. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, anatolewa kwa upasuaji, ila asichelewe. Maua aliyamaliza kwa kubahatisha, akaapa kwamba mavuno haya ni ya macho. Bila macho, msimu ujao hana shamba.

Wezi wa vanila hawakosekani, ndiyo maana kila mkulima huchoma alama yake kwenye ganda likiwa changa, kwa pini zilizopachikwa kwenye kizibo. Kovu lake halifutiki hata ganda likikauka. Alama ya Nyuki ilikuwa nukta tatu, zimekaa kama mafiga. Safari hii alizichoma mdogo wake wa kiume, yule aliyemlea tangu mama yao afariki, akienda naye shamba kamfunga mgongoni.

Asubuhi moja aliitwa kituo cha ununuzi. Karani alimwaga maganda mezani, akamshika kidole.

"Dada, papasa hapa. Nukta tatu. Haya bado machanga, na mwenye shamba havuni machanga. Tumemkamata kijana nayo, kilo sita."

Kwenye benchi mtu alikohoa. Nyuki alikijua kile kikohozi tangu kikiwa cha mtoto.

"Anadai ni yake, na alama ni yake," karani aliendelea. "Wewe sema tu. Polisi wako njiani."

Nyuki alipapasa tena, taratibu. Hasira ilimpanda. Na bado mgongo wake uliukumbuka uzito wa yule mtoto.

"Alama ni yake," alisema.

"Dada, nielewe vizuri. Nikiandika hivyo, kila ganda lenye nukta hizi ni lake. Hata yale yaliyobaki kwako."

"Andika."

Wakati wa kurudi, mdogo wake alimshika mkono njia nzima, akimwonya penye mashimo. Hakusema asante wala samahani. Nyuki alijipa moyo kwamba ni aibu tu imemfunga mdomo. Maganda yatakomaa, atayauza, atamletea pesa ya macho. Si ndugu yake?

Yalipokomaa, kijana aliyavuna yote, mchana kweupe, akayapeleka kituoni kifua mbele. Karani alimlipa huku akitazama pembeni, maana daftari ndilo lililosema. Kijana hakurudi nyumbani tena. Majirani wakamshauri Nyuki akashtaki wizi.

"Wizi gani?" aliwauliza. "Si vitu vyake?"

Msimu ulipofika, maua yalifunguka mengi kuliko miaka yote. Nyuki alitoka na njiti yake kukiwa bado kuna umande. Alishika ua la kwanza, likang'oka. La pili akalishika kwa ncha za vidole, akapumua polepole, nalo likang'oka. Alijaribu mstari mzima kwa kupapasa. Saa sita ilimkuta ameketi chini kati ya mimea, njiti mkononi, analia bila hata kujificha.