Kiti cha Dirishani cha Sajenti

Mimi ni dereva wa gari la doria, na nasema wazi: siku walipotuletea muuguzi wa wagonjwa wa akili awe anapanda nasi, nilinuna. Yaani tunaitwa kwenye purukushani, halafu tunamngoja mama wa makamo avae kandambili! Eti vishindo vya viatu vinamtisha mgonjwa kabla hajamwona mtu. King'ora marufuku. Pingu zibaki garini. Kila neno "taratibu", basi tukambatiza Bi Taratibu. Mwenyewe akacheka, akasema hata mumewe humwita hivyo, hasa yeye akiwa jikoni na njaa imemshika mzee wa watu.

Asubuhi moja tuliitwa na mama wa fundi cherehani. Mwanawe alikuwa amejifungia kibandani kwake na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, akigombana na sauti anazozisikia peke yake. Mama alitupokea barabarani, miguu peku.

"Wanangu, nawaombeni," alisema. "Mara ile walimtoa na pingu, wakamrusha nyuma ya gari kama mwizi. Alipata nafuu, lakini wateja walimkimbia. Ndio kwanza wameanza kurudi. Akitolewa vile tena, hapa hana kazi tena."

"Leo atatoka kwa miguu yake, mama," alisema Bi Taratibu, na hakusema kwa kubahatisha.

Sajenti wetu ni mtu mwema, ila mkono wake una mazoea. Bi Taratibu bado anauliza habari za dawa, yeye keshaufikia mlango na kuupiga ngumi.

"Polisi! Fungua!"

Lo! Ndani cherehani ikaburutwa ikaziba mlango, na fundi akapiga kelele kwamba atakayeingia atamchoma mkasi. Nami nikaanza kukunja mikono ya shati, tuvunje tumalize. Bi Taratibu akatukata jicho wote wawili.

"Afande, umeharibu wewe, utatengeneza wewe. Muombe radhi."

"Nani, mlango?"

"Aliye nyuma ya mlango."

Sajenti akavua kofia, kitambi kimemtangulia. "Fundi, nisamehe. Nimezoea kugonga milango ya wezi."

"Mimi si mwizi!"

"Najua. Ndiyo maana naomba radhi."

Bi Taratibu akaketi kizingitini, akanyoosha miguu kama yuko kwake. "Fundi, mimi ni muuguzi. Hizo sauti mimi sizisikii, lakini naona zimekuchosha. Umelala kweli?"

Hajalala. Wakaongea habari za usingizi, za dawa zilizoisha, za sare za shule ambazo hajazimaliza. Jua linapanda, watu wanajaa, mimi natafuna kucha. Mwishowe mkasi ukatokea dirishani, vishikio vikiwa mbele, kama fundi yeyote anavyomkabidhi mwenzake. Bi Taratibu akaupokea, akashukuru, akamwomba waende pamoja hospitali wakachukue dawa.

"Lakini nyuma sipandi," fundi alisema. "Nyuma ni kwa wezi."

"Utapenda kukaa wapi?"

"Mbele. Dirishani."

Mungu wangu! Mbele tunakaa watatu: mimi, Bi Taratibu katikati, na sajenti dirishani. Kwenye kiti kile mimi siweki hata mfuko wa mboga. Nilimtazama mkubwa wangu. Alimtazama yule mama peku, akafungua nyuma na kujipenyeza ndani ya wavu wa mahabusu, magoti yamegusa kidevu.

Cherehani ikasogezwa. Fundi akatoka, futi yake ya kupimia bado shingoni, hakuna aliyemshika. Mtaa mzima unamtazama. Neno moja baya lingetosha kumrudisha ndani.

"Jamani," mwanamke mmoja akaita, "kumbe afande ndiye kakamatwa?"

Watu wakaangua kicheko, na sajenti naye huko ndani. Fundi akatabasamu kidogo, akapanda. Yule mwanamke akasogea dirishani kwake.

"Fundi, na sare za mwanangu?"

"Nikirudi, dada."

"Haya. Nakungoja wewe, sipeleki kwa mwingine."

Mama yake alilisikia hilo, akaketi palepale barabarani akalia kwa furaha. Nami nikawasha gari, bila king'ora.